Je, Mali ya Mababu Ina Mwenyewe?

Ndugu mmoja wa mikoa ya kusini, ambaye hana miaka mingi tangu aingie katika Uislamu, alinijia baada ya sala ya Ijumaa akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Kwao, alisema, shamba hutoka kwa mama likaenda kwa binti, na mwangalizi wake ni mjomba. Baba ni mgeni tu. Mama yake amekwisha fariki, na sasa yeye ndiye mjomba. Amejifunza kwamba Kurani Tukufu imeweka mafungu ya warithi, mwanamume fungu lake na mwanamke fungu lake, wala hakuna aliyeruhusiwa kuyageuza apendavyo. "Nikiligawa shamba hili kwa faraidhi," akasema, "dada zangu watanishitaki kwa wazee kwamba mimi ni mwizi. Na nisipoligawa, je, siku ya hesabu sitaitwa mwizi pia?"

Swali hili si lake peke yake. Wayao, Wamakonde na Wamwera wanalijua, na Waislamu wa Ngazidja wanalijua zaidi, kwa kuwa ardhi yao ya manyahuli hushikwa na wanawake wa ukoo wala haiuzwi. Lakini ili tulitazame vizuri namwomba msomaji asafiri nami mbali kidogo, mpaka nyanda za juu za Sumatra ya Magharibi nchini Indonesia. Huko wanakaa Waminangkabau, ambao wamegombana juu ya jambo hili hili kwa zaidi ya miaka mia, kwa kalamu na wakati mwingine kwa upanga. Mtu akitaka kujua njia yenye miiba, humwuliza aliyekwisha ipita.

Waminangkabau ni Waislamu, tena wanajulikana katika Indonesia nzima kuwa ni washika dini. Pamoja na hayo, nasaba yao na nyumba zao hufuata upande wa mama. Hesabu ya watu ya mwaka 2010 ilionyesha kuwa wao ni zaidi ya milioni 6, na wachunguzi wa mila husema kwamba hapana umma mwingine wa kuukeni ulio mkubwa kuliko huo duniani.

Tuchukue kijiji kimoja, Sungai Batang, kilicho kando ya Ziwa Maninjau. Ziwa hilo limo ndani ya shimo la volkano ya kale, mita 460 hivi juu ya usawa wa bahari, na pande zote limezungukwa na kuta za milima. Msafiri atokaye Bukittinggi hufika kwanza kwenye ukingo wa juu, akaliona ziwa chini yake. Kisha barabara huteremka kwa kona 44, kila kona na namba yake imeandikwa, na ndiyo maana barabara yenyewe yaitwa Kelok 44, yaani kona arobaini na nne. Kabla ya barabara hiyo watu walishuka na kupanda kwa miguu, mizigo kichwani na mabegani. Huko chini kuna majaruba ya mpunga karibu na maji, na juu yake, kwenye miteremko, miti ya mdalasini, kungumanga na duriani. Kijiji kiko mbali, lakini watu wake hawakukaa ndani ya shimo hilo. Hilo tutalirudia.

Nyumba ya asili ya Waminangkabau huitwa rumah gadang, maana yake nyumba kuu. Imejengwa kwa mbao juu ya nguzo, na paa lake limepinda na kuchongoka mfano wa pembe za nyati. Mbele kuna ukumbi mmoja mrefu. Nyuma kuna vyumba vidogo vilivyopangwa mstari mmoja. Vyumba hivyo ni vya mabinti. Kila binti aliyeolewa ana chumba chake, na mume wake humjia humo usiku. Nyumba ni ya akina mama, ghala za mpunga zilizo mbele ya nyumba ni za akina mama, na majaruba yanayozijaza ghala hizo ni ya akina mama.

Basi mwanamume yuko wapi? Msomaji ajaribu kumtafuta. Mtoto wa kiume hana chumba katika nyumba ya mama yake. Zamani, alipofika umri wa miaka saba au kuzidi kidogo, alichukua mkeka wake akaenda kulala surau, yaani nyumba ndogo ya sala ya ukoo, pamoja na vijana wenzake, wazee waliofiwa na wake, na wasafiri wapitao. Humo alijifunza Kurani, na pia silat, mchezo wa kujihami. Alipooa, alilala kwa mkewe, lakini pale alikuwa mgeni anayeheshimiwa, naye hakuwa na amri. Wenyewe humfananisha mume na jivu juu ya kisiki: upepo ukivuma kidogo tu, halipo. Wakiachana, yeye hufunga nguo zake akaondoka, na mwanamke hubaki alipozaliwa. Akizeeka na mkewe akafa, hurudi kulala surau, pale pale alipoanzia akiwa na miaka saba. Mtu huyo huyo, hata hivyo, ni mkubwa katika nyumba ya dada yake: yeye ndiye mamak, mjomba, ambaye wapwa zake humtegemea kwa mashauri, kwa arusi zao na kwa ulinzi wa ardhi yao. Kwa hiyo anaamuru mahali asipolala, na analala mahali asipoamuru.

Siku hizi jamaa nyingi hukaa katika nyumba za matofali, baba na mama na watoto wao, na nyumba kuu nyingi hufunguliwa kwa arusi na maombolezo tu. Vijana hawalali tena surau kama zamani. Ila ardhi haikugeuka upesi namna hiyo.

Waminangkabau hutofautisha mali kwa makini sana, na hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. Kuna mali ya urithi wa juu, ambayo imeshuka kutoka vizazi na vizazi hata hapana ajuaye ni nani aliyeifyeka kwanza. Hiyo si ya mtu yeyote aliye hai. Wanawake wa ukoo huitumia, mjomba mkuu huilinda, na wote wawili hawana ruhusa ya kuiuza. Kuiweka rehani kumeruhusiwa kwa sababu nne tu: maiti iliyolala nyumbani bila gharama za mazishi, binti mkubwa asiyeweza kuolewa kwa kukosa gharama, nyumba kuu inayovuja, na kusimamisha mkuu wa ukoo ambaye cheo chake kimelala. Kisha kuna mali ya urithi wa chini, iliyopatikana na kizazi au vizazi viwili vilivyojulikana. Mwisho kuna mali ya jasho, aliyoipata mume na mke kwa kazi yao wenyewe.

Mtu akizitazama sababu zile nne ataona kwamba hakuna hata moja iliyo ya starehe. Watu waliozipanga walijua vizuri jinsi kizazi kimoja chenye njaa au chenye tamaa kinavyoweza kula chakula cha vizazi kumi. Mimi nasema bila kusita kwamba hekima hiyo haichukizi dini. Lakini hekima na haki si kitu kimoja, na kuna watu wawili ambao haki yao yahitaji kuulizwa: mwana wa kiume asiye na chumba, na mtoto ambaye baba yake amekufa.

Yule wa kwanza alijijibu mwenyewe kwa miguu yake. Neno merantau, kwa lugha yao, ni kuondoka kwenda rantau. Na rantau hapo kwanza ilikuwa nchi za pwani na za mipakani, nje ya nchi ya asili ya milimani. Kijana asiye na mke wala jaruba, aliyekwisha soma surau, alitoka kwenda kutafuta elimu, biashara au ufundi. Wengine walivuka bahari wakajenga Negeri Sembilan, ambayo leo ni jimbo la Malaysia na ambako mila ya kuukeni ingali imebaki. Wengine wakafika Makka. Wengine wakafungua mikahawa, hata leo chakula cha Padang chauzwa karibu katika kila mji wa Indonesia. Mohammad Hatta, aliyezaliwa Bukittinggi mwaka 1902 akawa Makamu wa kwanza wa Rais wa Indonesia, Haji Agus Salim, Tan Malaka na Sutan Sjahrir, Waziri Mkuu wa kwanza, wote walitoka katika umma huo mdogo wa milimani. Kuna wasemao kwamba watu hao walikua wakubwa kwa sababu hawakurithi kitu. Neno hilo lina ukweli kiasi, lakini nawaonya wenye mali wasilifanye kisingizio. Kwa kila kijana mmoja aliyefika Ikulu, wako wengi waliouza vitambaa kando ya njia katika miji ya watu wakafa bila jina. Umaskini wa lazima hautakasiki kwa sababu mtu mmoja ameushinda.

Hata hivyo msafiri hakutupwa. Alijua kwamba akirudi, hata akiwa mikono mitupu, mama yake na dada zake wana nyumba ambayo hakuna mdai awezaye kuichukua. Naye akifanikiwa hupeleka fedha: msikiti hujengwa, paa hutengenezwa, shamba lililowekwa rehani hukombolewa. Hivyo ardhi isiyouzwa na mtu asiye na kitanda hutegemeana. Mtu huondoka kwa kuwa ardhi haimtoshi, nayo ardhi hubaki kwa kuwa yeye ameondoka.

Mtu wa pili ni mtoto wa marehemu, na jambo lake ni zito zaidi. Baba ametoka kijijini, amefanya biashara miaka thelathini, amejenga nyumba na kununua duka. Siku anapokufa, wapwa zake wanakuja kutoka kijijini na kusema: huyu ni mjomba wetu, na mali yake inarudi kwenye ukoo wake. Mkewe ni wa ukoo mwingine, na watoto wake, kwa mila, ni wa ukoo wa mama yao. Waliokuwa wakila naye sahani moja wanatoka na nguo zao. Hapa hatuzungumzi tena juu ya hekima ya wazee. Hii ni mali ya yatima, na Kurani Tukufu katika Sura An-Nisaa imeitaja kwa maneno ambayo mwenye moyo huyasoma kwa kutetemeka.

Mwandishi Hamka, aliyezaliwa Sungai Batang mwaka 1908, alilionyesha donda hili katika kitabu chake cha hadithi kiitwacho Tenggelamnya Kapal van der Wijck, kilichotoka kwanza gazetini mwaka 1938. Kisa chenyewe chaanza na kijana anayetaka kuweka rehani ardhi ya mama yake ili apate kuoa, mjomba anakataa, wanagombana, na mjomba anauawa. Muuaji anapelekwa mbali kifungoni, na mwanawe, aliyezaliwa na mwanamke wa nchi nyingine, anaporudi katika nchi ya baba yake anaambiwa kwamba hana ukoo. Ana baba aliyezaliwa pale, ana dini yao, ana lugha yao, lakini kwa kuwa mama yake si wao, yeye si mtu wa hapo. Hamka alikuwa mwanachuoni, na aliandika hadithi ya mapenzi. Wengine walimlaumu kwa hilo. Mimi naona alifanya vema, kwa sababu fatwa peke yake haikuwahi kuwaonyesha watu uso wa mtoto huyo.

Waliojaribu kuiondoa mila hii kwa nguvu walitangulia miaka mingi. Mwaka 1803 mahaji watatu walirudi kutoka Makka na kuanzisha matengenezo ambayo yaligeuka kuwa vita, maarufu kwa jina la Vita vya Wapadri. Nyumba zilichomwa, watu wa nasaba ya kifalme waliuawa, na mwaka 1821 Waholanzi wakaingia wakijifanya wasaidizi wa wenye mila. Ngome ya Bonjol ilianguka mwaka 1837, na Tuanku Imam Bonjol alikamatwa akahamishwa, akafa mbali na kwao mwaka 1864. Katika kumbukumbu zake imeelezwa kwamba yeye mwenyewe, kabla ya kushindwa, alikuwa amewatuma watu Makka kuuliza juu ya hukumu sahihi, na waliporudi akaamuru mali zilizotekwa zirudishwe kwa wenyewe. Naliheshimu tendo hilo kuliko vita vyake vyote. Mtu aliyeshika upanga kwa ajili ya sheria aligundua kwamba mkono wake nao umeshika mali ya watu.

Baada ya upanga ikaja kalamu. Sheikh Ahmad Khatib, mzaliwa wa Agam mwaka 1860, alifika Makka angali kijana, akapanda mpaka akawa imamu na khatibu wa madhehebu ya Shafii katika Msikiti Mtakatifu. Hakurudi tena kukaa kwao; aliishi Makka mpaka alipofariki mwaka 1916. Katika miaka ya 1890 aliandika vitabu vya kuishambulia mirathi ya Minangkabau, akasema kwamba mali ile ni mali iliyonyang'anywa warithi wa halali, na kwamba anayeila kwa ukaidi ameharibu dini yake. Hoja yake ilikuwa nyepesi na kali. Kila ardhi ilifyekwa na mtu. Mtu huyo alikufa. Alipokufa, Mungu alikwisha taja warithi wake. Aliyewanyima ni mnyang'anyi, na kila kizazi kilichofuata kimepokea kitu kilichonyang'anywa.

Aliyemjibu hakuwa adui. Alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, Haji Abdul Karim Amrullah, mzaliwa wa Sungai Batang mwaka 1879 na baba wa Hamka, ambaye alikaa Makka miaka mingi akisoma mbele ya Sheikh huyo. Naye alikuwa mkali. Alipigana na mila nyingi za kwao, na Waholanzi walimhamisha mwaka 1941 kwa kuogopa ulimi wake. Lakini katika ardhi ya ukoo hakukubaliana na mwalimu wake. Alisema kwamba mali ya urithi wa juu haina mwenyewe mmoja ambaye kwa kifo chake mirathi itafunguka. Imefanana zaidi na wakfu. Na akaeleza kwa mfano wa Hadhrat Umar (r.a.), aliyepata ardhi nzuri katika Khaibar, akamwuliza Mtukufu Mtume (s.a.w.) aifanye nini, naye akaelekezwa ashike asili yake na kutoa matunda yake, basi ardhi hiyo ikawa haiuzwi, haipewi mtu wala hairithiwi.

Msomaji akitaka kufikiri na asipende tu kushangilia upande mmoja, na apime hoja hizi mbili pamoja nami.

Hoja ya mwalimu ina nguvu isiyoweza kupuuzwa: mila haigeuzi haramu kuwa halali kwa kukaa muda mrefu. Kurani Tukufu imewashutumu mara nyingi watu ambao hoja yao pekee ni kwamba waliwakuta baba zao wakifanya hivyo. Lakini hoja hiyo ina upungufu mmoja. Inadhani kwamba yule wa kwanza aliifyeka ardhi kwa ajili yake peke yake. Majaruba ya mpunga ya milimani hayafanywi na mtu mmoja; matuta, mifereji na maji ni kazi ya ndugu wengi kwa miaka mingi. Kama walifyeka pamoja kwa nia ya kuwaachia wajao, basi hakuna wakati wowote ambapo mtu mmoja alikuwa nayo mfukoni. Hadhrat Umar (r.a.) huyo huyo, wakati wa ukhalifa wake, alikataa kuigawa ardhi ya Iraki kwa askari walioishinda, akaulizia ni kipi watakachokipata watakaokuja baadaye. Yaani wasiozaliwa nao wana haki, na mtu wa haki huwahesabu hata kama hawawezi kupiga kelele.

Hoja ya mwanafunzi nayo ina upungufu wake, na hapa naona wengi wanaoipenda hupita haraka. Wakfu huwekwa na mtu kwa nia na kwa tamko; kusahau ni nani aliyekuwa mwenyewe hakufanyi kitu kuwa wakfu. Tena, katika ardhi ya Khaibar waliotajwa kula matunda yake ni maskini, jamaa, watumwa wa kukombolewa, wageni na wasafiri. Ardhi ya Minangkabau hulisha jamaa tu. Ukitaka kuifananisha na Khaibar lazima umtafute msafiri na maskini wako wapi ndani yake. Jibu nililoliona ni hili: walikuwako surau. Ukoo uliokuwa na majaruba ulikuwa na surau pia, na humo alilala mgeni bila kuulizwa jina la mama yake. Surau zikifungwa na ardhi ikabaki, mfano wa Khaibar umepoteza nusu yake. Tena katika wakfu ule mlinzi aliruhusiwa kula kwa adabu tu, bila kujikusanyia. Mjomba anayepeleka hati ya ardhi ya ukoo kwa jina lake mwenyewe, kisha akaiuza, hawezi kusema neno Khaibar.

Kadhalika katika rehani. Kwa desturi yao mpokea rehani hulima jaruba na kuchukua mavuno yote mpaka deni lilipwe, na deni halipungui hata punje. Wanazuoni wengi wameona humo harufu ya riba, na kwa kweli si harufu tu. Serikali ya Indonesia, kwa sheria namba 56 ya mwaka 1960, iliamuru kwamba shamba la rehani lililokaa miaka 7 au zaidi lirudishwe kwa mwenyewe bila malipo. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba serikali ya dunia ililiona jambo ambalo watu wa sala walilipita kila siku kwenda msikitini.

Niongeze jambo moja nje ya njia kidogo. Ardhi ya Maninjau ina walinzi wengi, lakini ziwa lenyewe ni la wote, na kwa hiyo halikuwa na mlinzi. Tangu miaka ya 1990 vizimba vya kufugia samaki vimelijaza. Chakula na kinyesi huzama chini, na upepo mkali ukiyageuza maji, samaki hufa kwa wingi na kuelea juu wameoza. Wanaosema kwamba mali ya pamoja huharibika daima waitazame ardhi iliyo kando ya ziwa, na wanaosema kwamba mali ya pamoja ni takatifu daima walitazame ziwa. Kilichohifadhi ardhi ni kuwa na mtu anayeulizwa juu yake kwa jina.

Mwaka 1952 wakuu wa koo na wanazuoni walikutana Bukittinggi, wakafikia uamuzi ambao ulithibitishwa tena katika semina ya Padang mwaka 1968: mali ya urithi wa juu ifuate mila, na mali ya jasho ifuate faraidhi. Naona uamuzi huo ni wa haki katika asili yake, kwa kuwa ulimtoa yatima mikononi mwa wapwa. Ugumu wake uko mpakani. Mwanamume anayerudi kijijini na fedha zake akajenga nyumba ya matofali juu ya ardhi ya mama yake, je, nyumba hiyo ni nini? Fedha ni za jasho. Ardhi ni ya ukoo. Na nyumba haibebeki. Watoto wake wakija kuidai, dada yake atawaambia wachukue matofali yao. Mume naye anayelima jaruba la ukoo wa mkewe miaka ishirini ametia jasho mahali pasipo pake. Semina haiwezi kumaliza hayo. Humalizwa na mtu mwaminifu angali hai, kwa kuandika mbele ya mashahidi wa pande zote mbili: hiki nilikinunua mimi, hiki nilikikuta, hiki ninawapa watoto wangu leo na ukoo wangu unajua. Ukimya wa baba ndio unaowagombanisha watoto na wapwa kaburini pake.

Nilipokutana tena na yule ndugu nilimweleza haya yote, kisha nikamwuliza swali ambalo hakulitazamia. Shamba likigawanywa kwa faraidhi kati yake na dada zake, ni nani atakayepata zaidi ya alicho nacho sasa? Akanyamaza, kisha akasema ni yeye, kwa kuwa fungu la ndugu mwanamume ni mara mbili ya fungu la dada yake. Nikamwambia kwamba hilo halibatilishi sheria hata kidogo, kwa kuwa sheria ni ya Mungu. Lakini lampasa auchunguze moyo wake, maana bidii ya dini inayojaza mfuko wa mwenye bidii huhitaji kuulizwa mara mbili. Aya zile zilipoteremka ziliwakuta wanawake ambao hawakupewa kitu, zikawapa. Dada zake wasije wakaijua sheria ya Mungu kwa mara ya kwanza kama kitu kilichowatoa shambani.

Kisha tukaanza kutafuta kama shamba lina mwenyewe. Je, mama yake alilinunua au kulifyeka? Akasema hapana, bibi yake alilikuta, na bibi wa bibi yake pia, na wote waliolima hapo walijua kwamba haliuzwi. Basi, nikasema, kwa ufahamu wangu hakuna mirathi ya mama yako katika ardhi hiyo, kwa sababu haikuwa yake. Wewe ni mlinzi: kula kwa adabu, na mtafutie maskini na msafiri fungu katika mavuno, ili mfano wa Khaibar ukuhusu kweli. Waite dada zako na wazee, mliandike.

Akafikiri kidogo, akaniambia kwamba iko mikorosho. Ilipandwa na marehemu baba yake, ndani ya shamba hilo la kina mama, na tangu afe wajomba ndio waliokuwa wakivuna. Nikamwuliza ni mingapi. Hakujua. Baba anajulikana kwa jina, nikasema, na siku aliyokufa inajulikana. Mikorosho hiyo ina mwenyewe, na warithi wake wamekwisha tajwa, wewe na dada zako na mwingine yeyote aliyemwacha. Akavaa kofia yake, akasema basi la kwenda kwao huondoka Jumatatu, naye atakwenda kuihesabu.